Bilauri Hupangwa: Soda ya Aiskrimu ya Matunda, Nyumbani Kwako

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi kwenye mkusanyiko wetu wa kiangazi, hapa jirani na Philadelphia. Wengi walikuwa kazini wakaniomba niyaandike yote. Picha za ukutani nimeziacha. Mengine ni kama yalivyotoka kinywani.

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Kina mama wa Bukavu na Goma, jambo sana. Na nyie wanangu mliokaa kule nyuma karibu na friza, nawaona. Msiifungue.

Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti wetu ananifahamu, ndiyo maana amekaa karibu na waya wa kipaza sauti.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kunywa soda ya aiskrimu? Nyosheni mikono. Naam, karibu ukumbi mzima. Sasa, nani kati yenu alifungua chupa ya soda ya machungwa, akaimimina kwenye bilauri, akatumbukiza donge la aiskrimu, basi? Mikono ni ileile! Shusheni, ndugu zangu. Hamjainywa bado.

Hiyo mliyokunywa Wamarekani huiita floti, kitu kinachoelea. Ni tamu, siikatai, wajukuu wangu huipenda. Lakini soda ya aiskrimu ya kizamani haitoki kwenye chupa ya rangi. Ndani yake mna vitu vitatu: shira ya tunda uliyoipika mwenyewe, maji ya gesi yasiyo na ladha yoyote, na aiskrimu. Na vitu hivyo havimwagwi tu, hupangwa. Mliokulia Mombasa au Tanga mnaijua faluda. Je, kuna mtu humwaga faluda yote kwa pamoja? Kwanza shira ya waridi, halafu zile mbegu zilizolowekwa, maziwa, aiskrimu juu. Ukivuruga mpango huo, hata uwe na vitu vya bei ghali kiasi gani, umepata uji wa waridi. Bilauri hupangwa. Neno hilo nitalirudia leo mpaka mchoke.

Kwa nini niliseme hapa, katika mji huu? Kwa sababu kinywaji hiki ni cha hapahapa Philadelphia. Mwaka 1874, mwezi wa Oktoba, taasisi ya Franklin, ya sayansi na ufundi, ilikuwa inasherehekea miaka 50 tangu ianzishwe, kukawa na maonyesho makubwa. Bwana mmoja, Robert Green, alikuwa na kibanda cha soda. Siku zile soda ilikuwa maji ya gesi, shira, na krimu kidogo ya maziwa. Hadithi wanayoipenda watu ni kwamba krimu ilimwishia wateja wakiwa foleni, akakimbilia aiskrimu ya jirani, akawa anangoja iyeyuke, akakosa subira akaitia hivyohivyo. Hadithi nzuri, sivyo? Ina bahati ndani yake, na sisi tunapenda habari za bahati. Ila Green mwenyewe, alipoandika mwaka 1910, alisema vingine. Alisema jirani yake alikuwa na mtambo wa soda mkubwa na wa kupendeza kuliko wake, wateja wote wakawa wanaelekea huko. Akakaa chini akajaribu na kujaribu, mpaka akapata aiskrimu ya vanila, maji ya gesi, na shira za aina 16.

Aina 16! Mimi namwamini Green zaidi ya hadithi. Mtu asiye na mtambo mkubwa hupika shira nyingi. Kina mama mliowahi kuuza vitumbua mlango mmoja na mwenye duka la keki mnanielewa.

Na msidhani alikubaliwa na wote. Fred Sanders wa Detroit naye alidai ni yake. George Guy, aliyekuwa mfanyakazi wa Green huyohuyo, akadai aliichanganya yeye kwa kupitiwa mwaka 1872. Green akaona isiwe tabu, akaacha wosia kwamba kaburini kwake pachongwe maneno ya kusema yeye ndiye mwanzilishi wa soda ya aiskrimu. Wosia, jamani! Wengine hapa tumeshindwa hata kuandika nani achukue cherehani.

Basi, twende jikoni.

Shira kwanza. Shira mnaijua, ile ya kaimati, sukari na maji na iliki. Shira ya tunda ni ndugu yake, ila maji yanatoka kwenye tunda lenyewe. Chukua stroberi gramu 500, zilizoiva kabisa. Za mwezi wa Juni za mashamba ya huku zinazidi zile kubwa za madukani wakati wa baridi, ambazo nyekundu yake iko nje tu. Zikate nne nne, nyunyizia sukari gramu 250 na chembe ya chumvi, funika, weka kwenye friji mpaka asubuhi. Usipike. Sukari itayavuta maji yote ya tunda, na asubuhi utakuta stroberi zimesinyaa kama vidole vilivyofua nguo kutwa, zimelala kwenye kidimbwi chekundu. Chuja bila kukamua. Ukikamua, shira inachafuka, haiwi angavu. Tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau. Yale makapi yaliyobaki usiyatupe, paka kwenye mkate.

Stroberi haitaki moto. Moto unaigeuza jemu. Pichi inautaka. Ichovye kwenye maji yanayochemka nusu dakika, uivue ngozi, uikatekate, uipike na sukari nusu ya uzito wake kwa dakika kumi hivi, moto mdogo. Nusu isage, nusu iache vipande. Embe nalipika hivyohivyo na punje mbili tatu za iliki, na hapo Green hanifikii, kwa sababu hakuwa na embe la Muheza. Hapa Marekani silipati nami, lakini jina nalitaja ili roho ipoe.

Sasa nanasi. Nisikilizeni kwenye nanasi.

Mwaka wa kwanza nilipoanza mambo haya nilialikwa kupika kwenye sherehe ya binti wa rafiki yangu. Nikasema nitawapa ladha ya nyumbani. Nikasaga nanasi bichi, yaani lisilopikwa, nikalichanganya na aiskrimu usiku, nikaiweka friza, nikalala nimeridhika. Kesho yake nikapakua. Mtoto wa kwanza akaonja, akanitazama kwa adabu, akaweka bilauri chini. Wa pili akaweka chini. Nikaonja mimi. Chungu! Chungu kama nimekosana na mtu jikoni. Nikawaza labda nanasi lilikuwa bovu. Halikuwa bovu. Nanasi bichi lina kitu kinaitwa bromelaini, kazi yake ni kukata protini, na maziwa yana protini. Usiku kucha nanasi lilikuwa linatafuna aiskrimu yangu.

Wala msishangae, tunalijua jambo hilo siku nyingi. Nyama ya mishkaki tunailainisha na nini? Na papai bichi! Ni mambo yaleyale. Papai nalo lina la kwake. Dawa ni moto: chemsha nanasi dakika tano, likatike makali, kisha fanya shira yako kwa amani. Pasheni na ukwaju shida yao ni nyingine, ni uchachu. Ukivichanganya na maziwa moja kwa moja maziwa yanakatika. Kwa hivyo viwili hivyo usikoroge aiskrimu ndani ya shira. Weka shira, weka maji ya gesi, aiskrimu ije mwisho kabisa, na mnywaji asikae nayo akipiga hadithi.

Tuje kwenye maji ya gesi. Hapa kuna kisa cha shangazi yangu, Mungu amrehemu, alipokuja kunitembelea. Nilimtuma kijana wangu dukani alete maji ya gesi. Akaleta chupa nzuri, ya bei, imeandikwa toniki. Sikuangalia. Nikapanga bilauri ya shangazi kwa heshima zote, shira ya pichi, aiskrimu, mrija. Akavuta mara moja. Akafumba macho. Akasema, "Mwanangu, kwani nina malaria?"

Toniki ina kwinini. Shangazi alimeza kwinini utoto wake wote Pangani, ladha ile hawezi kuikosea hata ukiifunika na pichi ya dunia nzima. Basi soma kibandiko. Unataka maji na gesi, hakuna kingine. Yale yanayoitwa club soda yametiwa chumvichumvi, si mabaya sana, lakini kwa matunda mimi nataka matupu.

Ila shangazi hakuwa mbali na ukweli, maana soda ilianza kama dawa. Joseph Priestley, Mwingereza, aliishi Leeds jirani na kiwanda cha bia. Mwaka 1767 akagundua kwamba ukiyaweka maji juu ya pipa la bia inayochacha, ile hewa nzito inayotoka yanainywa, yanachangamka ulimini. Watu wakaona maji ya namna hii yanafanana na ya chemchemi zilizosifiwa kwa kuponya. Ndiyo maana hapa Marekani mitambo ya soda ilikaa kwenye maduka ya dawa, na mfamasia ndiye aliyepika shira. Baadaye, serikali ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, mabaa yakafungwa, watu wakahamia kwenye soda. Gesi yenyewe ilipatikanaje zamani? New York kulikuwa na John Matthews, alianza mwaka 1832. Alimwagia asidi ya salfa juu ya vipande vya marumaru, gesi ikafuka, akaiingiza kwenye maji. Marumaru, ndugu zangu, jiwe la makaburi na misikiti! Watu walikuwa wananywa pumzi ya jiwe.

Sisi hatuna haja ya marumaru. Tuna chupa. Lakini kuna jambo moja ambalo Matthews alilijua na sisi tunalipuuza: ubaridi. Maji yaliyo karibu na kuganda yanashika gesi kama mara mbili ya maji ya nyuzi 20. Chupa iliyokaa kwenye buti la gari ukiifungua gesi inakimbia yote, unabaki na maji. Weka chupa kwenye friji tangu jana. Weka bilauri kwenye friza. Weka hata kijiko. Nunua chupa ndogo, ufungue moja kwa kila bilauri mbili; ile kubwa ya lita mbili ikifika nusu imeshakata tamaa. Na wale wenye yale machupa ya chuma ya kujazia gesi nyumbani, angalieni vidonge mnavyonunua. Kuna vya kaboni dayoksaidi, hivyo ndivyo vyenu. Kuna vingine vinafanana navyo, vya kuumulia krimu. Ukitia hivyo, maji hayachomi ulimi hata kidogo, na utakuja kuniuliza mimi.

Haya, bilauri. Hapa naomba hata wa simu waweke simu chini.

Chukua bilauri ndefu ya mililita 400 hivi. Chini, vijiko vitatu vya chakula vya shira. Kisha aiskrimu kijiko kimoja kikubwa, iliyolainika kidogo, na uikoroge na shira mpaka ziwe kitu kimoja, kama rangi ya kanga mpya. Hatua hii watu wengi hawaijui! Ndiyo iliyochukua nafasi ya ile krimu ya kale. Halafu maji ya gesi kidogo tu, vidole viwili, yamwage kwa nguvu, koroga. Litapanda povu la kwanza, liache. Sasa inamisha bilauri kama anayemimina soda kwa mgeni wa heshima, mimina maji ya gesi polepole ubavuni mpaka robo tatu. Ndipo uchukue donge la aiskrimu ngumu, ngumu kabisa, uliegemeze kwenye ukingo, nusu ndani nusu nje. Mwisho, tone la maji ya gesi kutoka juu, la haraka, kulichokoza povu. Linapanda. Linazidi ukingo kwa kidole kimoja. Linasimama.

Siku hizi mtu akikasirika mtandaoni tunasema ametoka povu. Mimi nataka mtoke povu la aina hii.

Kwa nini lisimame? Kwa sababu gesi inatafuta mahali pa kushika ili itoke, na aiskrimu imejaa mashiko: chembe za barafu, vipovu vya hewa, mikwaruzo. Na protini ya maziwa inakivika kila kipovu nguo, kisipasuke mara moja. Sasa fikiria aliyeanza na donge chini halafu akamwagia soda kutoka juu. Gesi yote imeshika kwa mkupuo, imetoka kwa mkupuo. Ndivyo nilivyofanya mimi mara yangu ya kwanza, kwenye kitambaa cha meza cha mama mkwe, kile cheupe cha kudarizi. Povu lilishuka mezani, likafika mapajani kwa baba mkwe. Mzee akatulia. Akasema tu, "Karibu kwenye familia." Kitambaa kile nakiogopa mpaka leo.

Mkitaka kuona mikono inayojua kazi, nendeni mtaa wa Market hapahapa mjini, kwenye duka la Franklin Fountain. Lilifunguliwa mwaka 2004 kwa mtindo wa zamani. Kaeni karibu na kaunta. Mwangalieni kijana anavyomimina, msimwangalie usoni, mwangalieni kiwiko.

Nimesema kaeni karibu na kaunta. Hapo kuna habari, nami siwezi kuiruka.

Zile kaunta nzuri za marumaru mnazoziona kwenye picha za kale, wanaotabasamu wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, mmewaangalia ni nani? Sehemu nyingi za nchi hii mtu mweusi angeweza kununua soda yake, alipe pesa ileile, aende akanywee nje. Kukaa hapana. Tarehe 23 Juni 1957, kule Durham, North Carolina, mchungaji Douglas Moore na wenzake sita waliingia kwenye duka la aiskrimu la Royal. Lilikuwa na mlango wa weupe na mlango wa weusi, na ukuta katikati. Wakakaa upande wa weupe. Wakaambiwa waondoke, wakabaki. Polisi wakawakamata, mahakama ikawatoza faini. Kwa kosa gani? Kwa kukaa! Mwaka uliofuata, Agosti 1958, mwalimu Clara Luper aliwapeleka watoto 13 kwenye kaunta ya duka la dawa la Katz, Oklahoma City. Wazo lilitoka kwa binti yake, mtoto wa miaka minane. Wakaagiza soda. Wakakaa wakingoja. Wakarudi tena. Ndani ya siku chache duka lile likakubali kuwahudumia.

Soda ile, wanangu. Soda kama hii iliyoko kwenye friza mnayoiegemea.

Niliposoma habari hizo nilikuwa nimeshauza bilauri zangu miaka mitatu kwenye sherehe za watu, nikiwaeleza wageni habari za Green na wosia wake, wakicheka. Tangu hapo kwenye sherehe sisimami nikampa mtu bilauri mkononi akaondoka nayo. Naweka viti. Ni usumbufu, viti vya juu ni vizito, na leo hivi tumeviazima tukavibeba kwa gari dogo la mume wangu mara mbili. Mgongo wake unauma. Mwenyekiti, naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Naona waya unavutwa. Haya, nimemaliza.

Kaunta ile pale ni milango miwili ya zamani tuliyoilaza juu ya meza. Viti kumi na viwili. Wadogo kwanza, kisha wazee wangu, kisha nyie wengine wenye magoti mazima. Shira ziko nne: stroberi, pichi, embe na iliki, na nanasi, ambalo limechemshwa, nimeapa. Ukwaju upo pembeni kwa atakayeuliza. Mabinti wawili waje wanisaidie kumimina, na nawakumbusha, inamisheni bilauri.

Wewe wa kiti cha kwanza, mwenye raba nyekundu. Nikupangie ya nini?